Wiki Mbili za Kumwachisha Ziwa

Waliokuwa wakituona kila Jumapili ya mwisho wa mwezi walitusifia. Wanawake wawili, ndugu wa tumbo moja, mmoja anatoka Wazo na mwingine Chamazi, tunakutana Kinondoni kwenye kiwanja cha michezo ya watoto tukiwa na mkeka, hotpoti la pilau na watoto watatu. Muuza aiskrimu wa getini alishatuzoea. Alisema anatamani dada zake wangekuwa hivi, maana wao hata simu hawapigiani. Mimi nilikuwa nacheka tu, dada yangu anasema alhamdulillahi. Hakuna aliyemwambia yule kijana kwamba hayo hayakuwa matembezi. Ilikuwa ndiyo nafasi yangu ya kumwona mwanangu wa kwanza, saa tano kwa mwezi, kisha anarudi Wazo na dada, ambaye ndiye anayemwita mama. Mimi ananiita mama mdogo.

Nataka nieleze tulifikaje hapo, na nitajitahidi kutojipendelea, ingawa kwa miaka mitano nimejipendelea sana.

Binti yangu alikuwa na miezi kumi, bado ananyonya, nilipogundua nina mimba nyingine. Kwetu hilo si jambo la kupongezwa. Mwanamke akishika mimba mtoto angali kwenye ziwa, wanasema amembemenda mwanawe: maziwa yamegeuka, mtoto atakonda, atabaki kichwa na tumbo, atachelewa kusimama. Akiharisha siku moja tu, mtaa mzima unaijua sababu, na sababu yenyewe ni baba na mama walioshindwa kujizuia. Nesi wa kliniki aliniambia niendelee kunyonyesha, maziwa hayana tatizo lolote. Nilimwelewa vizuri sana. Lakini nesi hakai uwani kwangu. Uwani kwangu anakaa mama mkwe, na yeye alikuwa ameshaanza kumnyanyua mtoto kila asubuhi, kumpima uzito kwa mikono na kuguna.

Nikampigia dada. Dada amenitangulia miaka tisa. Utotoni kwetu Temeke mama alikuwa akitoka alfajiri na beseni la samaki, kwa hiyo aliyenifulia, aliyenisuka, aliyenipeleka shule na kunichapa nilipotoroka alikuwa yeye. Siku ile nilipompigia alikuwa na miaka kumi na miwili kwenye ndoa, mimba mbili zimeharibika, na mtoto mmoja aliyeishi siku moja. Hakunipa pole nyingi. Alisema, "Niletee mie nimwachishe. Wiki mbili tu. Akiwa anakuona hawezi kuacha."

Ndivyo inavyofanywa. Mtoto anapelekwa kwa bibi au kwa mama mkubwa, analia siku tatu nne, analisahau ziwa, anarudishwa. Nilikuwa nimeshajaribu kujipaka shubiri. Mtoto alikunja uso, akaendelea kunyonya. Basi nikampeleka Wazo na nguo zake, kikombe chake na khanga yangu moja niliyoivaa siku mbili ili alale nayo. Khanga dada aliirudisha palepale mlangoni. Alisema harufu ndiyo itakayomkumbusha. Nilirudi Chamazi kifua kimejaa maziwa, nikajifunga kitambaa, nikalala kwa siku mbili.

Wiki mbili hizo zilikwenda hadi mwaka wake wa saba.

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi: saluni, misibani, bombani tukisubiri ndoo zijae. Katika simulizi yangu dada ni mwanamke aliyekosa mtoto, akaona upenyo, akaingia. Mimi ni mnyonge niliyemwamini ndugu yangu. Wasikilizaji wote walikuwa upande wangu. Mmoja alinishauri niende ustawi wa jamii, na nilimwambia kwa sauti ya huruma kwamba siwezi kumfanyia dada yangu hivyo. Nilijisikia mtu mwema kwelikweli siku ile.

Matembezi ya Kinondoni yalianza mvulana wangu alipofikisha miezi mitano, na baadaye akaongezeka mdogo wake. Utaratibu ulikuwa uleule. Dada alikuwa anafika kwanza, anatandika mkeka karibu na bembea, anamweka binti yangu mbele yake kumaliza kumfunga riboni. Nikitokea anamwambia, "Nenda kamsalimie mama mdogo." Na yeye anakuja, hakimbii, anatembea, anasema shikamoo mama mdogo, anasubiri niitikie, ndipo anawageukia wavulana na kuwa mtoto. Alikuwa na adabu ambayo wanangu niliowalea mwenyewe hawana. Adabu ile ilinikera. Mtoto hamwamkii mama yake kwa kusubiri hivyo, mtoto anamparamia mama yake na mikono yenye mafuta.

Kwenye kula ndiko nilikoumia zaidi. Dada alikuwa anampakulia pilau kisha anachambua vitunguu kimoja kimoja na kuviweka kwenye kifuniko. Mara ya kwanza nilimuuliza kwa nini anamdekeza. Akasema, "Hali vitunguu." Nikauliza tangu lini. Akasema, "Tangu ameanza kula." Hakusema kwa ubaya, alikuwa anajibu swali, lakini mimi sahani yangu niliisukuma kando.

Idi moja nilimletea viatu. Vyeusi, vya kung'aa, vyenye kifungo cha lulu pembeni. Nilikuwa nimemjaribishia mdogo wake dukani, nikaongeza namba moja kwa kukisia, maana mguu wa binti yangu nilikuwa siujui. Dada alivipokea, akamvisha palepale, akasema vimempendeza. Mtoto alicheza navyo siku nzima. Alipanda bembea, akaruka kwa soksi kwenye puto kubwa la kurukia watoto, akavivaa tena. Jioni nilimwona anatembea kwa kukanyagia ukingo wa nje wa nyayo. Nilipovivua, vidole vilikuwa vyekundu na kisigino kimechubuka. Nikamuuliza mbona hakusema. Alimtazama dada kwanza, kisha akasema, "Mama alisema umevinunua wewe, nisivikatae."

Niliondoka pale nimemkasirikia dada kwa kumfundisha mwanangu kunistahi. Naweza kuliandika hilo sasa na kuona lilivyo, lakini siku ile niliona nina haki kabisa. Njiani nilimsimulia mume wangu kwa simu, na yeye akasema anachosemaga siku zote: ni mtoto wako, nenda kamchukue. Alilisema kama mtu anayezungumzia chaja aliyoisahau kwa jirani. Hakuwahi kwenda Wazo hata siku moja.

Mwaka jana binti yangu alifikia umri wa kuanza darasa la kwanza, na mimi nikaamua. Cheti cha kuzaliwa ninacho mimi, na jina la mama kwenye cheti ni langu. Nikamwandikisha shule ya jirani na kwetu Chamazi, nikashonesha sketi ya buluu na shati jeupe, safari hii nikiwa nimemwomba dada vipimo kwa kisingizio cha gauni. Mwezi mzima nilikuwa nikipika na kufua huku nikijipangia maneno. Dada angesema hivi, mimi ningejibu vile. Angelia, nisingelegea. Nilikuwa tayari tukosane mpaka kufa, ilimradi mwanangu alale kwangu na aniite mama. Hicho tu ndicho nilichokitaka, na nilikitaka kwa nguvu zote.

Jumapili ya mwisho wa Desemba tulikutana kama kawaida. Watoto walikwenda kwenye puto. Dada alikaa anamenya machungwa, anazungusha kisu ganda lisikatike. Nikamwambia, "Dada, Januari anakuja nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwangu. Kwao."

Alimaliza chungwa, akalikata juu, akaliweka kwenye sahani. "Sawa," akasema.

Nilikuwa sijajiandaa kwa sawa. Maneno ya mwezi mzima yalikuwa yananisubiri kooni, na mtu akishayabeba maneno hivyo ni vigumu kurudi nayo nyumbani. Nikamwambia, "Usiniambie sawa kirahisi hivyo. Umenichukulia mwanangu miaka yote hii. Nilikupa wiki mbili."

Dada aliweka kisu chini. Si mtu wa kupandisha sauti, na hakuipandisha. "Mie nimekuchukulia?"

"Wewe."

"Wiki mbili zilipoisha nilikupigia. Ukasema miguu imevimba. Mwezi wa pili nikakupigia, ukasema mkweo bado anasema. Ulipojifungua nikakupigia, ukasema tusubiri arobaini. Arobaini imekwisha, nikamvalisha gauni la njano, nimebadili magari matatu kutoka Wazo mpaka kwako. Nikakaa sebuleni na mkoba wangu. Unakumbuka uliniambia nini?"

Nilianza kukusanya maganda ya machungwa.

"Mtoto alikuwa analia, hakujui. Na yule mdogo analia. Ukasema, nenda naye tu dada, mie mikono yangu miwili. Nikakuuliza mara mbili. Nikasimama pale mlangoni kabisa, viatu nimevaa, nikakuuliza tena. Ukasema, kaa naye kidogo."

Nilikumbuka. Si kwamba niliwahi kusahau. Siku ile ipo wazi kichwani, mpaka rangi ya gauni, mpaka mvuke wa uji uliokuwa jikoni. Ila katika hadithi yangu ya bombani na misibani haikuwahi kuwemo, na baada ya kuiacha nje mara nyingi nilianza kuishi kama mtu ambaye haikumtokea. Na kuna jingine ambalo hata dada halijui. Alipotoka getini na binti yangu mgongoni, nilifunga mlango, nikalala na kichanga, nikalala usingizi mzuri wa kwanza baada ya miezi mingi. Nilipoamka sikulia. Nilikunywa uji.

"Na hizi Jumapili," dada akaendelea, "nani alizitaka? Mie nilisema njoo nyumbani, ulale hata siku mbili, akuzoee. Ukasema ukiona kitanda chake kwangu unajisikia vibaya, bora tukutane nje. Mie nikakubali. Kila kitu nimekubali. Nilipoona miaka inakwenda, ndiyo, niliacha kukupigia. Hilo ni kosa langu, na silikatai. Niliacha kwa sababu niliogopa siku moja utasema mlete."

Kisha akasema kitu kilichonimaliza. "Mchukue leo. Ukisubiri Januari nitakuwa nimebadilisha mawazo, na mie sitaki tugombane na wewe. Nimeshazika, mdogo wangu. Najua kukaa na nyumba tupu. Nguo zake nitazituma kesho."

Ningepaswa kumshika mkono. Ningepaswa kumwambia dada, nisamehe, basi tumlee wote. Nilikuwa nimeshinda nilichokuja kukishindania na sikutaka kukisogelea tena kisije kikabadilika. Nikaokota chungwa, nikala.

"Ila kwamba harudi kwangu, umwambie mwenyewe," dada akasema. "Mie siwezi."

Watoto waliporudi, jasho limewalowanisha, nilimwita binti yangu nikapiga magoti mbele yake. Nilikusudia kusema ukweli, wallahi nilikusudia. Nikasema, "Likizo hii unakuja kukaa kwangu. Utacheza na wadogo zako." Akamtazama dada. Dada alikuwa anakunja mkeka na hakugeuka. Mtoto akauliza, "Mpaka lini?" Nikasema mpaka shule zifunguliwe. Akasema sawa mama mdogo, kwa sauti ileile ya dada.

Alikaa kwangu wiki mbili. Ndiyo, mbili, na sikupenda hata kulitaja hilo. Sijawahi kuwa na mgeni mzuri kama yule. Alikunja shuka lake kila asubuhi. Alikuwa anaomba ruhusa ya kufungua friji. Aliosha vyombo bila kutumwa, akisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mama mkwe akasema huyu amelelewa, akanitazama kwa jicho la kunipongeza. Siku ya kwanza nilipika wali na maharage nikasahau kwamba hali vitunguu. Alivisogeza pembeni ya sahani, akavifunika na kijiko nisivione. Wavulana walimng'ang'ania. Kwao alikuwa sikukuu iliyogoma kuisha. Kila siku baada ya adhuhuri alikuwa ananiomba simu aongee na dada dakika chache, na kila siku nilisimama karibu nikijifanya napekua kabati. Alikuwa akimweleza alichokula. Dada alikuwa akisema vizuri mwanangu, vizuri.

Ukweli nilikuwa naupangia siku. Ijumaa, hapana, Ijumaa wageni. Jumapili, hapana, asije akaharibikiwa usingizi na kesho yake shule. Sare ilikuwa imepigwa pasi, imetundikwa chumbani kwangu nyuma ya mlango, mahali asipopita.

Shule zilifunguliwa Jumatatu. Asubuhi niliingia sebuleni na sare mkononi nikamkuta ameshaoga, amevaa gauni alilokuja nalo kutoka Kinondoni, amekaa ukingoni mwa kochi. Riboni alikuwa amejifunga mwenyewe, imekaa upande.

"Mama mdogo, leo shule zimefunguliwa," akasema. "Nimeshajiandaa. Mama anakuja au unanipeleka wewe?"

Nikakaa kwenye zulia. Nikamwambia hatakwenda Wazo. Nikamwambia atasoma hapa, sare yake hii hapa, hapa ni kwao. Nikamwambia kwamba mimi ndiye mama yake, mimi ndiye niliyemzaa, na mama yake wa Wazo ni mama mkubwa. Nililisema vibaya, kwa haraka, huku nakunjakunja ile sketi. Nilisubiri alie. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nilijua nitamshika vipi.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mama aliniambia zamani, nilipokuwa chekechea. Kasema wewe ndo ulinizaa. Kasema ulikuwa na kazi nyingi, zikiisha utakuja kunichukua." Akaitazama sare, kisha akanitazama mimi usoni, bila hasira, kama mtoto anayeuliza saa. "Zimeisha?"

Jikoni wavulana walikuwa wanagombania kikombe. Nikamwambia ndiyo, zimeisha.

Kisha akaomba simu. Nikampigia namba, nikampa. Dada alipokea kabla haijaita mara ya pili, na mimi safari hii sikujifanya napekua chochote, nilikaa pale pale kwenye zulia nikasikia kila kitu. Mtoto akasema, "Mama, usije. Kasema kazi zimeisha." Mtoto akasubiri, akihema taratibu, akiangalia vidole vya miguu yake. Halafu akasema, "Usilie. Ntakuwa nakuja kukuona nje, kama mama mdogo alivyokuwa anakuja kuniona mie."

Akanirudishia simu kwa mikono miwili. Akaniuliza kama anaweza kunywa chai kwanza kabla ya kuvaa.